Mkaguzi wa nyumba Unguja asome nini?

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Umeuliza kama wewe unayekagua nyumba za watu hapa Unguja kabla hazijauzwa unapaswa kuendelea kusoma kama binamu yako anayefanya kazi hiyohiyo Texas. Yeye sheria inambana: saa 32 za masomo kila miaka miwili, la sivyo leseni haihuishwi. Florida ni saa 14, na mbili kati yake ni za kukinga nyumba na vimbunga. InterNACHI, chama cha wakaguzi wa nyumba, kinawadai wanachama wake saa 24 kwa mwaka.

Mimi nisingekimbilia kozi zao kwanza. Nyumba ya Mji Mkongwe, Shangani au Malindi, ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Adui utakayemkuta sana ni saruji: mtu kaona ukuta unabambuka, kaupiga lipu ya saruji, unyevu ukakosa pa kutokea, chumvi inaula ndani kwa ndani. Na kwa nje unapendeza kweli! Boriti nazo huoza vichwani, pale zinapoingia ukutani, kwa hiyo usitazame katikati tu, gonga pembeni.

Basi tafuta fundi chokaa mzee, ufuatane naye masika, paa zinapovuja. Umeme lakini usome darasani, Taasisi ya Karume pale Mbweni wanafundisha, hapo usibahatishe. Weka na daftari: tarehe, ulichojifunza, nani kakufunza. Mteja akikuuliza ujuzi umeutoa wapi, unalo la kumwonyesha.