Neno lililojificha lipewe stempu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Maneno ya Kiswahili yanayosahaulika tuyarudisheje vinywani mwa watu?" Jibu langu ni postikadi, zile za kubandikwa stempu na kupitia posta. Neno likitumwa kwenye kundi la simu, jioni limeshafukiwa na salamu na picha za harusi. Kadi hubaki imeegemezwa kwenye kabati la vyombo wiki hadi wiki, na kila anayekaribishwa chai huuliza, "Hili neno ni nini?"

Kazi kubwa iko kwenye kuchagua neno. Wengi hufungua kamusi wakachukua neno gumu kuliko yote, kisha likakosa picha na likakosa pa kutumika. Nashauri muanzie kwenye methali, maana humo yamo maneno tunayoyataja bila kuyajua. "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele. Ngama je? Ni tumbo la chombo, chini kabisa kwa ndani, pale maji yanayopenya kwenye mbao yanapojikusanya. Basi chora jahazi kana kwamba limepasuliwa kati kwa msumeno: mkuku, ule mti wa msingi, chini, mataruma yakipanda pande zote mbili mfano wa mbavu, na maji meusi kidogo katikati. Mtie baharia aliyeinama, anafua maji kwa upo. Naam, upo, kile chombo cha kutekea maji ya ngamani. Neno la pili limejileta lenyewe, nalo lipewe kadi yake mwezi ujao.

"Mchama ago hanyele" itakupa ago, yaani kambi. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" inahitaji kadi haraka, kwa kuwa watoto wengi wakiisikia humwona mnyama mwenye mkonga badala ya pombe ya mnazi. Mchoree mgema juu ya mnazi na kibuyu chake. Kilimia, kile kishada cha nyota kilichopewa jina kutokana na kulima, huja na usemi wake kamili: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Karatasi nyeusi na vitone vyeupe vinatosha.

Kabla ya kuandika maana, lithibitishe neno kwenye kamusi mbili, ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) na ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa, Tanzania). Maneno ya bahari yatazame pia kwenye ile ya BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar. Nakili na ngeli. Asiyejua aseme "ngama hii" au "ngama huu" hatalitumia neno hilo hata akilipenda.

Kadi yenyewe ikatwe kwenye manila nene. Karatasi moja ya A1 hutoa kadi 32 za A6, yaani sentimita 10.5 kwa 14.8. Usishuke chini ya 9 kwa 14, ndicho kipimo cha chini cha Umoja wa Posta Duniani. Karatasi ya kutolea kopi hujikunja na kuchanika kwenye mashine za kuchambua barua. Shanga na vitu vya kubandika vitie kwenye bahasha.

Stempu zinunuliwe kabla ya kuandika. Mara nyingine kaunta huwa na za thamani ndogo tu, ukahitaji 4 au 5 kwa kadi moja, na ukishaandika zitafunika maana yote. Upande wa kushoto weka neno, ngeli, maana isiyozidi maneno 15 na sentensi moja ya mfano. Kulia ni anwani peke yake, na jina la nchi kwa herufi kubwa mstari wa mwisho. Neno la mwezi lisikaribie anwani, mchambuzi wa barua asije akalidhani mji. Sentimita 2 za chini ziache tupu: posta nyingi za Ulaya na Marekani hupiga hapo mistari ya mashine, na sentensi yako itaishia chini yake. Tumia bolpeni, wino wa jeli kwenye kadi inayong'aa hupakazika kabla haujafika mjini.

Huku kwetu kadi nyingi hupotelea mezani, baada ya kutolewa kwenye sanduku. S.L.P. moja hutumiwa na shule nzima au ofisi nzima, kwa hiyo andika jina la mpokeaji, kisha jina la mwenye sanduku, ndipo namba na mji. Kwa Kenya ongeza msimbo wa posta, kama 80100 wa Mombasa. Namba ya simu usiiweke, kadi husomwa na kila mkono inaopitia.

Kundi la watu 6 linatosha. Kila mmoja humtumia anayemfuata kwenye orodha, na kadi hutiwa namba na tarehe. Inayovuka bahari ipewe miezi 2 kabla ya kuhesabiwa imepotea. Mpokeaji naye hujibu kwa kadi yenye sentensi yake mwenyewe, akilitumia neno mahali pengine kabisa. Aliyepokea ngama, kwa mfano, anaweza kurudisha hivi: "Mvua ya jana imeigeuza jikoni kwetu ngama, leteni upo."