Peugeot 504 ya kurithi imeliwa na kutu: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia Peugeot 504 stesheni wagoni ya mwaka 1979, ile yenye safu tatu za viti. Ilifanya kazi Tanga miaka mingi kabla ya kuletwa Dodoma, na tangu mzee alipoanza kuugua imesimama chini ya mwarobaini nyumbani Veyula. Injini inazunguka kwa mkono, lakini sakafu upande wa dereva imetoboka, na chini ya milango kutu imechimba. Fundi mmoja ameniahidi kwamba akijaza puti na kupiga rangi, gari litakuwa kama jipya kabla ya mvua. Nataka kulitumia kila siku kwenda kazini Mtumba, na mara mojamoja kwenda Kondoa. Je, nimkubalie?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuondokewa na mzee. Usimkubalie, walau si kwa mpangilio huo. Puti na rangi ni kazi za mwisho, na kwa gari la aina hii zinaweza kuficha ubovu ambao siku moja utakudhuru ukiwa kwenye mwendo.

Gari lako halina chasisi ya peke yake kama lori au Land Rover ya zamani. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, abiria na mizigo, na sehemu kubwa ya nguvu yake imo katika yale maboksi marefu ya bati yanayopita chini ya milango, ambayo hapa nitayaita vizingiti. Stesheni wagoni ya 504 ina urefu wa mita 2.90 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, wakati saluni yake ina mita 2.74, kwa hiyo vizingiti vyako ni virefu zaidi na vinabeba mzigo mkubwa zaidi, hasa watu wakijaa katika safu zote tatu. Wengi wanakumbuka kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, wakaamini kwamba gari hili halifi. Sifa hiyo ilitokana na injini na springi zake, wala haikuhusu uvumilivu wa bati lake mbele ya chumvi.

Ndiyo maana napenda upime kwanza kabla ya kutoa hata shilingi. Toa viti na kapeti zote, kwa sababu sakafu huoza chini ya sponji iliyolowa huku juu pakiwa pakavu. Gonga vizingiti, sakafu na kingo za magurudumu kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia kwa sauti kali, lililoliwa hutoa sauti nzito na mara nyingine hudondosha unga wa kutu ndani. Pitisha sumaku iliyofungwa kwa kitambaa. Pale isiposhika, ujue kuna puti ya zamani. Kisha funga milango yote, weka jeki yenye kipande cha ubao juu yake kwenye sehemu iliyoandaliwa kwa kazi hiyo, na inua upande mmoja polepole huku mwenzako akiutazama uwazi ulio kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Uwazi ukibaki vilevile, kizingiti bado kina nguvu. Ukibadilika, au mlango uliokuwa ukifunguka vizuri ukaanza kugoma, bodi inapinda. Jeki ikizama ndani ya bati, shusha gari hapohapo, jibu umeshalipata.

Usisahau sehemu mbili ambazo hazionekani upesi. Ya kwanza ni pale shokapu za mbele zinaposhikwa juu, ndani ya boneti. Kutu ikifika hapo, usukani hauwezi kuaminika. Ya pili ni mifereji ya maji chini ya kioo cha mbele. Majani ya mwarobaini ni madogo na huiziba kabisa, maji yakaingia ndani, na nahisi sakafu ya dereva ilianzia huko. Usipoisafisha, bati jipya litaoza kama la zamani.

Sasa kazi yenyewe. Kutu iliyo kwenye bati linalobeba mzigo hukatwa hadi kufika kwenye bati zima linalong'aa, kisha huchomelewa bati jipya. Kupachika kiraka juu ya kutu ni kuipa kutu mahali pa kujificha, kwani maji hunywea katikati ya bati mbili na kuendelea kula. Kwa vizingiti tumia bati la chuma cheusi lenye unene wa milimita 1.0 hadi 1.2, kwa bodi ya nje, milimita 0.8 inatosha. Nimeshaona mafundi wakitumia bati la kuezekea kwa kuwa ni rahisi kulipata. Bati hilo ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Mtafute fundi mwenye mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi, maana ile ya vijiti hutoboa bati jembamba kuliko inavyoliunga, na mwombe achomelee vipande vifupi huku akihama mahali ili joto lisikunje bati.

Kabla ya kukata kizingiti, uwazi wa mlango lazima ufungwe kwa vyuma vya pembe vilivyochomelewa kwa muda, gari likae sawa juu ya stendi imara zilizowekwa karibu na magurudumu, na upande mmoja umalizike ndipo wa pili uguswe. Fundi akikata pande zote mbili kwa pamoja, gari huinama katikati na milango haitafunga tena. Tangi la petroli litolewe na kupelekwa mbali, betri na altaneta vitenganishwe na nyaya zake, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono. Jambo jingine linalosahaulika: namba ya chasisi isisagwe wala kukatwa, kwa sababu utaihitaji siku ya kuhamisha umiliki TRA, pamoja na nyaraka za mirathi.

Ndani ya vizingiti vipya pulizia nta maalumu ya kuzuia kutu kupitia matundu, na hakikisha matundu ya chini ya kutolea maji yapo wazi. Dodoma ni kukavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini vumbi letu hujaa ndani ya maboksi hayo, na mvua za Desemba zikianza hugeuka tope linaloshika unyevu kwa wiki nyingi. Ndiyo sababu siipendi sana lami inayopakwa chini ya gari: ikikauka hupasuka, maji huingia nyuma yake, na kutu hufanya kazi bila kuonekana.

Breki zije kabla ya injini. Mafuta ya breki hunywa unyevu hata gari likiwa limesimama, hivyo masta silinda, silinda za magurudumu, mipira na mabomba vyote vifunguliwe, na chochote chenye kutu kibadilishwe. Matairi usiyahukumu kwa kashata zake. Soma tarakimu nne ubavuni, kwa mfano 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012, na yaliyozidi miaka kumi yatupe.

Injini haina mengi. Tia oili kidogo kwenye matundu ya plagi, izungushe kwa mkono, safisha tangi na kabureta, badilisha oili. Silinda zake zimezungukwa na maji moja kwa moja, kwa hiyo kwenye rejeta tia kipozeshi chenye dawa ya kuzuia kutu, wala si maji ya kisima yenye chumvichumvi.

Kuhusu ile ahadi ya kabla ya mvua, kazi ya bati pekee inaweza kuufikia Desemba, na hilo lisikukimbize. Rangi ya mwisho inaweza kusubiri kiangazi kijacho, ipigwe alfajiri kabla upepo haujaamka na sakafu ikiwa imemwagiwa maji. Lakini kama utalazimika kuliendesha masika haya bila rangi hiyo, bati lote lililochomelewa lipakwe praima, yaani rangi ya msingi, ya epoksi. Ile ya kawaida hupitisha maji, na utaiona kutu ikichungulia kabla ya Pasaka.