Baba ana wiki ya tano tangu apasuliwe moyo, sasa anataka kurudi baharini

SWALI: Shikamoo. Baba yangu ana miaka 46, ni nahodha wa mashua ya uvuvi hapa Shela, Lamu. Wiki tano zilizopita alipasuliwa moyo Nairobi akawekewa vali ya chuma, yaani mlango wa kupitishia damu ndani ya moyo, ile ya mitrali iliyo upande wa kushoto. Kidonda kimefunga, anatembea, na anasema haumwi. Sasa anataka kurudi baharini mwezi ukiandama. Mama anakataa, ami anasema mwanamume akikaa ndani sana ndipo huugua. Je, yuko tayari? Lini ataweza kusujudu? Na ni kweli kwamba asile mchicha kwa sababu ya dawa ya damu? Halafu amekuwa mkali sana siku hizi, na usiku halali. – Bintiye nahodha, Shela

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe pole baba, na umwambie mama asilegeze msimamo.

Nimeuguza watu waliopasuliwa moyo kwa miaka mingi, na wiki ya kwanza siyo inayonitia hofu. Wiki hiyo mgonjwa mwenyewe anaogopa hata kukohoa. Ninayoiogopa ni hii ya tano, maumivu yameshuka, rangi imerudi usoni, naye anajipima kwa anavyojisikia.

Ili kuufikia moyo, daktari huukata mfupa wa kidari kwa msumeno toka juu hadi chini, na akimaliza huufunga kwa nyaya za chuma. Huo ni mfupa uliovunjika, sawa na wa mguu, ila hautiwi plasta, na kila pumzi inausogeza. Huanza kushikana wiki ya 6 hadi ya 8, na huchukua kama miezi 3 hadi uweze kustahimili kuvutwa kwa nguvu. Ngozi hufunga mapema zaidi, kwa hiyo kidonda kizuri hakikwambii lolote kuhusu mfupa ulio chini yake.

Sasa itazame kazi ya nahodha. Kupandisha foromali (ule mti unaobeba tanga), kusukuma upondo (mti mrefu wa kusukumia chombo), kung'oa nanga, kuvuta kamba ya kuwashia mashine: kazi zote hizo zinavuta mikono na kukitanua kidari. Hakuna kazi mbaya zaidi kwa mfupa huu. Kwa sasa asinyanyue kitu kinachozidi kilo 5. Dumu dogo la lita 5 likijaa ndio mwisho wake, na lile la lita 20 asiliguse hata kulikokota.

Wiki ya 8, daktari akishamwona na bahari ikiwa shwari, anaweza kupanda mashua kama abiria, safari fupi. Hapo kuna hatari ambayo watu wengi hawaifikirii, nayo ni pale gatini. Mmeshazoea kumpa mtu mkono na kumvuta ndani ya chombo. Mkono huo mmoja ukivutwa, mfupa unavutwa upande. Asimame mmoja nyuma yake na mmoja mbele, wamshike kiunoni, na maji yawe yamejaa ili chombo kisiwe chini sana. Usukani na kamba vingoje baada ya miezi 3. Kuogelea pia, hata kama kidonda kimekauka.

Kutoka kitandani ndiko wengi wanakoumiza kidari bila kujua. Angalia anavyoinuka: akijivuta kwa ubao wa kitanda au akiomba avutwe mikono, mkatazeni. Akunje magoti, ageuke ubavu mzima kwa pamoja, akumbatie mto kifuani, kisha ashushe miguu ukingoni. Uzito wa miguu ndio utakaomwinua, kiwiko kisaidie kidogo tu. Kama analalia samadari refu, wekeni kigoda chini ili miguu ipate pa kukanyaga. Mto huohuo aubane kifuani kila akitaka kukohoa au kupiga chafya. Na akikohoa, aweke kiganja juu ya kidari: akihisi mfupa unagonga au unateleza, msingoje siku ya kliniki.

Kusujudu kunamtaka ainame na kuegemeza uzito mikononi, kisha ajisukume kuinuka, kila rakaa mara mbili. Asali kwenye kiti. Dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo, naye ni mgonjwa bado. Arudi kwenye mkeka baada ya miezi 3, taratibu. Na Ramadhani ikimkuta karibu na upasuaji, asifunge kwa uamuzi wake mwenyewe. Amuulize daktari kwanza, kwa sababu saa za kula na kunywa zinaigusa pia dawa yake.

Ami ana ukweli ndani yake, kukaa tu kunadhuru. Kutembea ndiyo dawa. Atoke baada ya alfajiri au baada ya alasiri, jua likiwa pole. Maji yakitoka, afuate mchanga mgumu wa pwani. Ule laini wa juu unachosha moyo kuliko anavyodhani. Kama aliishia dakika 15 wiki hii, aongeze tano wiki ijayo, hadi afike 30. Kipimo ni mazungumzo: awe anaweza kuongea na aliye naye bila kukatika pumzi. Vichochoro vya mjini Lamu aviepuke saa za punda wenye mizigo. Punda hapishi mtu, na kusukumwa ukutani wiki ya tano si jambo dogo.

Mchicha si haramu kwake. Warfarini, ndiyo hiyo dawa ya damu, huzuia damu isigande kwenye ile vali, na vitamini K iliyomo kwenye mchicha, kisamvu na sukuma wiki hupunguza nguvu yake. Kinachovuruga hesabu ni kubadilika: wiki hii kisamvu kila siku, wiki ijayo hakuna kabisa. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki. Kipimo cha damu cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kwa vali ya chuma ya mitrali, kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5, ila namba ya kufuata ni iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Ikishuka, damu huganda na vali inaweza kukwama, au apate kiharusi. Ikizidi, huvuja damu. Dawa aimeze saa ileile kila jioni, akisahau leo asimeze maradufu kesho.

Dawa hii ni ya maisha, na inagusa uvuvi wake kuliko mfupa. Ndoana ikimchoma, abane kwa kitambaa dakika 10 bila kuchungulia. Foromali ikimgonga kichwa, aende hospitali siku hiyohiyo hata kama hajisikii chochote, kwa sababu damu inaweza kuvuja ndani polepole. Asipigwe hijama, yaani kuumikwa kwa kuchanjwa ngozi. Asimeze diklofenaki wala brufeni mgongo ukimuuma, paracetamol kwa kipimo cha kawaida inatosha. Kabla ya kung'oa jino amwambie daktari wa meno kuwa ana vali, apewe antibayotiki kwanza. Miraa aiache, inaukimbiza moyo na kupandisha presha. Ng'onda, samaki mkavu, pia apunguze, kwa ajili ya chumvi.

Ukali na kukosa usingizi huwapata wengi baada ya upasuaji huu, wengine hulia bila sababu. Mara nyingi hupungua katika wiki chache. Ukizidi, au akiacha kula, mwambieni daktari, nako ni kuugua. Joto kufika 38, kidonda kutoa maji, miguu kuvimba, uzito kupanda kilo 2 ndani ya wiki, kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, au choo cheusi: nendeni siku hiyohiyo, hata kama ni kuvuka usiku.

Mkienda kliniki ya miezi 3 baada ya upasuaji, baba asimwambie daktari “mimi ni mvuvi” tu. Daktari wa bara huenda hajaona mashua ikitwekwa tanga. Asimame amwonyeshe kwa mikono yake anavyoipandisha foromali, daktari aone ni kazi gani anayoombwa kuiruhusu.