Kwa nini anthrasaiti (makaa ya mawe magumu kuliko yote) haifai kugeuzwa mafuta, ilhali ina kaboni nyingi kuliko makaa mengine?

Ndugu, kaboni nyingi siyo inayotafutwa hapa. Kinachotafutwa ni haidrojeni, na viungo vya kikemia vinavyokubali kukatika. Dizeli ina karibu atomu 2 za haidrojeni kwa kila atomu ya kaboni; makaa ya bituminasi (laini kuliko anthrasaiti) yana kama 0.8, anthrasaiti chini ya 0.5, tena pete zake za atomu za kaboni zimeshikana mapana kiasi kwamba joto la mtambo haliziachanishi.

Bituminasi ni mafungu ya pete chache yaliyounganishwa kwa madaraja ya CH2 na ya oksijeni. Ukiyasaga makaa, ukayachanganya na mafuta mazito na kuyapasha hadi 400–450 °C kwenye haidrojeni ya baa 150–200, madaraja hukatika. Hapo ndipo mambo huharibika: ncha zilizokatika zisipopata haidrojeni papo hapo kutoka kwenye kiyeyusho, yaani yale mafuta mazito (maabara hutumia tetralini, kimiminika kinachotoa haidrojeni), huungana upya kuwa koki, mabonge magumu ya kaboni, na kuziba mabomba. Kuongeza joto tu kunazidisha balaa.

Lignaiti (makaa machanga ya kahawia) hukatika kirahisi, na Wajerumani waliitumia kwenye mtambo wa Leuna tangu 1927, ila oksijeni yake hula haidrojeni ya bei ghali na kukuachia maji. Kalisi yake nayo hugandisha chokaa ndani ya mtambo.

Hayo ni ya njia ya moja kwa moja. Kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini huyageuza makaa kuwa gesi kwanza, kwa hiyo muundo wa molekuli hauwasumbui sana. Wao huangalia zaidi majivu.