Usilipe Ijumaa kabla hujazitoa faili zako nje ya huo mfumo

Zuia hayo malipo. Umesema kampuni yenu ya uwakala wa forodha pale Industrial Area ina wafanyakazi 25 na makabati yamejaa, na kwamba muuzaji wa mfumo wa nyaraka anataka nusu ya bei kufikia Ijumaa ili punguzo lisiwapite. Unauliza mfumo upi, wingu (hifadhi ya mtandaoni) au seva ya ofisini, skana ipi, na wafanyakazi wafunzwe vipi. Swali litakalowatoa pesa nyingi hujaliuliza: siku mtakayotaka kuuhama huo mfumo, nyaraka zenu zitatoka zikiwa katika hali gani?

Mifumo mingi ya aina hii hugawa kila waraka sehemu mbili. Picha ya B/L yenu (hati ya shehena) huwekwa kwenye diski kwa jina ambalo mfumo umejipa wenyewe, tuseme 00048213.tif. Jina la mteja, namba ya kontena, namba ya IDF (fomu ya kutangaza bidhaa zinazoagizwa), tarehe na nani aliidhinisha hukaa mbali, ndani ya hifadhidata. Ukiwa ndani huoni tatizo lolote: unaandika namba ya kontena, karatasi inakuja. Ukitoka na nusu moja tu, unabaki na diski yenye maelfu ya picha ambazo hakuna ajuaye ni za shehena gani. Hapo unaajiri vibarua wafungue moja moja na kuandika upya, au unamlipa muuzaji yuleyule bei atakayoitaja yeye, maana ndiye peke yake anayejua hifadhidata ilivyopangwa.

Na wauzaji wanalijua hili vizuri. Demo yao ni ya kutafuta tu, kwa nyaraka walizozichagua wao, safi, zilizonyooka. Ukiuliza kuhusu kutoa data wanajibu "inawezekana" na kurudi kwenye grafu zao. Inaudhi kwa sababu anayeumia ni mwenye biashara ndogo aliyewaamini. "Inawezekana" ya mdomo isikutoshe. Itoe mwenyewe, kwa mkono wako, wao wakikuangalia.

Jaribio lifanyike hivi. Chukua nyaraka 200 zenu halisi, ukizifuta namba za vitambulisho. Zisiwe nzuri. Tia zenye mihuri iliyofifia, zilizopigwa picha kwa simu, B/L ya kurasa nyingi, na angalau tano zilizorekebishwa mara mbili au tatu. Hakikisha yupo mteja aitwaye Ng'ang'a au Ong'ondo, kwa sababu ile alama ya katikati huvuruga mifumo iliyoandikwa ovyo. Hakikisha pia zipo kumbukumbu zenye mkwaju, kama IMP/0456/24: Windows haikubali mkwaju kwenye jina la faili, kwa hiyo mfumo utaubadilisha au utaikata namba, na unataka kuona unafanya lipi. Ziingize zote, jaza maelezo, pitisha chache kwenye idhini, bandika maoni na mihuri ya kielektroniki. Halafu omba zote zitolewe kwenye diski ya nje, na uifungue kwa kompyuta ambayo haina huo mfumo kabisa.

Hesabu kwanza. Zikiingia 200 zitoke 200, pamoja na matoleo ya awali ya zile tano. Matoleo ndiyo hupotea zaidi. Hata SharePoint, hifadhi ya nyaraka ya Microsoft, ukipakua folda kwa njia ya kawaida, inakupa toleo la mwisho pekee. Kisha tafuta orodha ya maelezo, CSV au JSON (faili za maandishi ambazo programu nyingine zinaweza kuzisoma), yenye mstari mmoja kwa kila faili na jina la faili lililoandikwa humo. Bila huo uhusiano orodha haina kazi. CSV usiifungue kwa kubofya mara mbili, maana Excel itakula sifuri ya mbele kwenye namba ya simu inayoanza na 0722; iingize kwa kuagiza safu zisomwe kama maandishi. Angalia tarehe: 03/04 imebaki tarehe 3 Aprili, au imegeuka 4 Machi ya Kimarekani? Angalia kama muhuri wa "IMELIPWA" bado uko juu ya karatasi. Mifumo mingine huuchora juu ya picha ukiwa ndani tu, na nje karatasi inatoka kama haijawahi kuidhinishwa.

Kilichofeli hapo kitafeli vilevile kwenye nyaraka laki tatu, ila wakati huo utakuwa umeshalipa.

Wakifaulu, mkataba useme hivyo kwa maneno: nakala kamili ya faili katika muundo wake wa asili au PDF/A (PDF ya kuhifadhi kwa muda mrefu), orodha ya maelezo, matoleo yote na kumbukumbu za idhini, ndani ya siku 30 tangu muombe, kwa bei iliyoandikwa sasa hivi au bure. Useme pia mtaendelea kusoma nyaraka kwa siku 90 baada ya mkataba kuisha. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inawataka mtunze rekodi miaka mitano, na KRA, mamlaka ya kodi, haitakubali kisingizio kwamba leseni ya mfumo ilikwisha. Baada ya hapo toeni nakala kila robo mwaka, mkiijaribu kila mara.

Kuhusu wingu au seva, jaribio ni lilelile. Ila kama ni wingu piga hesabu ya intaneti: GB 500 kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya siku nne na nusu mfululizo, kwenda au kurudi, kwa hiyo mkataba uruhusu kupokea diski mkononi. Kama ni seva, wekeni UPS (betri ya kuishikilia umeme ukikatika) na bakapu moja nje ya jengo. Paperless-ngx, programu ya kutunza nyaraka, ni ya bure na ina amri yake ya kutoa, document_exporter, inayokupa faili pamoja na manifest.json yenye maelezo yote. Kwa idhini za ngazi nyingi uwezo wake ni mdogo, lakini iwekeni hata kwenye kompyuta moja ili mjue mtoko mzuri unafananaje kabla ya kukaa na huyo muuzaji.

Mwandikie barua pepe leo, si simu: "Kabla ya malipo tunahitaji kuingiza nyaraka 200 na kuzitoa zote pamoja na maelezo na matoleo, tukiwa pamoja, Alhamisi." Akijibu, bandika jibu lake hapa bila jina la kampuni tulisome.