Tezi zimevimba, dawa ya ndigana haisaidii: virusi vya lukemia ya ng'ombe

Mkuu wa Kibamba, pole sana. Umesema ng'ombe wako wa miaka 6 amevimba tezi mbele ya bega na mbele ya paja, amechomwa dawa ya ndigana (ugonjwa unaoletwa na kupe) mara mbili bila nafuu, na jirani anakwambia ni saratani ya damu, umuuze haraka kabla hajaambukiza wenzake. Nafuga ng'ombe wa maziwa Chanika na ugonjwa huu umepita bandani kwangu, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Kwanza usimlaumu aliyempa dawa ya ndigana. Huku kwetu tezi zikivimba kila mtu anawaza ndigana kali, na mara nyingi ndiyo yenyewe. Ila ndigana kali ina kasi: homa inapita nyuzi 40, tezi ya chini ya sikio inavimba, mnyama anahema kwa shida, na wiki chache tu zinaamua kama atapona au atakufa. Wa kwangu hakuwa na homa. Alikonda taratibu, maziwa yakakata, tezi zikawa ngumu na ukizibonyeza hashtuki, baadaye jicho moja likaanza kutokeza nje. Daktari alishuku lukemia, yaani saratani ya damu inayoletwa na virusi, akapeleka damu maabara, na kingamwili (kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi hivyo) zikaonekana. Kwa ng'ombe wengine uvimbe hukaa kwenye moyo, kizazi au uti wa mgongo, ndipo unamwona mnyama analegea miguu ya nyuma bila kuvunjika popote.

Akishafika hapo, dawa hakuna. Lakini kumuondoa huyo mmoja hakusafishi banda, na hapo ndipo nisipokubaliana na jirani yako. Kati ya ng'ombe 100 walioambukizwa, wanaopata uvimbe kwa kawaida hawafiki 5, tena wengi wakiwa wamepita miaka 3. Kama 30 hivi chembe nyeupe zao za damu huongezeka na kubaki juu. Waliobaki wanakula, wanazaa, wanakamuliwa, nao wamebeba virusi maisha yao yote. Hasara yao ni ya kimyakimya: maziwa yanapungua, kinga inayumba, chanjo hazishiki vizuri, na wanatolewa bandani mapema. Uchunguzi wa mwaka 2007 Marekani ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya mashamba ya maziwa yana virusi hivi. Uingereza ilishavitokomeza, ilitambuliwa kuwa huru mwaka 1999.

Virusi vinasafiri ndani ya chembe za damu, na damu kidogo sana inatosha. Kwa hiyo naomba ulifikirie sana hili la sindano. Bwana mifugo anatoka Mbezi, anapita Kibamba, anaingia Kiluvya, na sindano ni ileile. Mimi siku hizi nanunua sindano zangu, kila ng'ombe na yake, na siruhusu vinginevyo hata kwa mtu ninayemheshimu. Kifaa cha kukatia pembe na cha kuwekea hereni kioshwe na kutiwa dawa kabla ya mnyama mwingine. Mhimilishaji (anayepandikiza mbegu) au anayepima mimba abadilishe glovu ndefu kwa kila ng'ombe, maana hiyo watu wengi wanaisahau. Nzi wanaouma nao wanahamisha damu, hivyo samadi isirundikane karibu na banda.

Pima wote waliobaki. Makao makuu ya maabara ya serikali ya mifugo, TVLA, yapo Temeke. Daktari wako apige simu kwanza aulize kama vitendanishi (dawa za kupimia) vipo. Ndama wa chini ya miezi 6 asubiri, kwa sababu kingamwili alizonyonya kwenye dang'a (maziwa ya kwanza) ya mama zinaweza kudanganya kipimo. Watakaokutwa navyo watenge, na kila kazi ya sindano ianze na wasio navyo. Ndama wao wapewe dang'a ya ng'ombe asiye na virusi.

Huyo mgonjwa usimpeleke mnada wa Pugu akanunuliwe na mfugaji mwenzetu. Akichinjwa, achinjwe machinjioni mkaguzi wa nyama akiwepo, na mwambie ulichokiona. Kuhusu maziwa, haijathibitishwa kwamba virusi hivi vinasababisha ugonjwa kwa binadamu, na kuchemsha kunaviua. Chemsha kama kawaida.

Majibu ya maabara yakitoka yaweke hapa pamoja na umri wa kila ng'ombe, tukusaidie kupanga nani atengwe kwanza.