Nzi wa matunda: dume tasa hutengwaje na jike?

Swali: Nina maembe Mkuranga, na kila msimu mengi huanguka yakiwa na funza. Nasikia kuna nchi zinazalisha nzi dume, zinawafanya tasa na kuwamwaga kwa ndege. Wanawatengaje na majike katika mamilioni yote yale? Na je, hao si viumbe waliobadilishwa vinasaba?

Jibu: Hawachambuliwi mmoja mmoja, ndugu yangu. Jike huuawa akiwa bado yai. Kwa nzi wa Mediterania, Ceratitis capitata, upo ukoo ambao jike hurithi kasoro mbili: pupa wake (hatua ya kati ya funza na nzi) ni mweupe badala ya kahawia, na yai lake halihimili joto. Dume amesalimika kwa sababu kipande chenye jeni (vinasaba) zisizo na kasoro kimeungwa kwenye kromosomu Y, mkanda wa vinasaba ambao jike hana. Mayai yakikaa kwenye maji ya nyuzijoto 34 kwa saa 24, majike hufa. Kiwanda cha El Pino, Guatemala, kimewahi kutoa zaidi ya bilioni moja ya madume kwa wiki kwa njia hii. Pupa hupigwa mionzi siku mbili hivi kabla nzi hajatoka, ili awe tasa. Jike wa porini akipandwa na dume huyo, mayai yake hayaanguliwi.

Utauliza, kwa nini jike tasa naye asiachiwe? Kwa sababu bado hutoboa tunda, na tundu lile huingiza uozo. Kubwa zaidi, madume wakitoka na majike wao, hupandana wenyewe kwa wenyewe na kuwaacha wa porini.

Ukoo huo hauna jeni ya kiumbe kingine. Ulipatikana kwa mionzi, kemikali na uzalishaji wa kuchagua. Wapo nzi waliopandikizwa jeni maabara ili watoto wao wa kike wafe, lakini hao wana sheria zao.

Anayekusumbua huenda ni nzi mwingine wa matunda, Bactrocera dorsalis, aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza pwani ya Kenya mwaka 2003. Thailand wana ukoo wake wa kutenga kwa rangi ya pupa. Hata hivyo, madume tasa kwenye shamba moja ni kazi bure, maana majike huruka kutoka kwa jirani wakiwa wameshapandwa. Unguja ilimaliza mbung'o miaka ya 1990 kwa madume tasa kwa sababu kisiwa kizima kilihusishwa, na idadi yao ilishapunguzwa kwanza.

Kwa sasa okota maembe yaliyoanguka kila baada ya siku mbili, yafukie futi mbili chini au yafunge kwenye nailoni nyeusi juani. Tundika mitego ya methili-eugenoli, harufu inayovuta nzi dume, na shawishi majirani waanze wiki hiyohiyo.